Kitabu cha Kliniki Kilichobaki Kawangware

Mimi nina mdomo, na sijawahi kuuficha. Mume wangu husema siku niliyozaliwa mkunga alinipiga kofi ili nilie, nami badala ya kulia nikamuuliza sababu. Basi na iwe hivyo. Kazi yangu inataka mdomo. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii hapa Kibera, wale wa kuzunguka nyumba kwa nyumba, na sehemu kubwa ya mzunguko wangu ni swali moja tu: mtoto amechanjwa?

Naipenda kazi hii. Nasema hili mapema ili malalamiko yatakayofuata yasikudanganye. Asubuhi namaliza mandazi yangu ya kuuza, naoga, nafunga leso kiunoni, natia simu ya kazi mkobani, naingia vichochoroni. Watoto ndio hunitambua kwanza. Wanapiga kelele "Sindano! Sindano!" na kutimua mbio, ingawa sijamdunga mtu hata siku moja. Mimi nadunga kwa maneno tu.

Ile simu ya kazi ina orodha ya watoto wote wa upande wangu. Mtoto akizaliwa namwandika, na simu inahesabu wiki zake yenyewe. Siku ya chanjo ikipita bila mimi kuthibitisha, jina lake linageuka jekundu, na likikaa jekundu siku nyingi msimamizi wangu ananipigia. Kuthibitisha nako hakuna njia ya mkato. Lazima nikione kwa macho yangu kile kitabu cha kliniki ambacho kila mama hupewa akiwa mjamzito, chenye ukurasa ambao muuguzi huandika kila chanjo na tarehe yake. Mama akiniambia, "Alichanjwa, haki ya Mungu," namjibu kwamba Mungu namwamini, yeye anionyeshe kitabu.

Shida ni kuwapata watu. Nyumba za huku hazina namba. Mtu anakuelekeza kwa choo, kwa kinyozi, kwa mti ambao ulishakatwa. Laini ya simu uliyopewa mwezi wa pili, mwezi wa tano inapokewa na mwanamume wa Kitale asiyejua habari ya mtoto yeyote. Kwa hiyo nina wapelelezi wangu, na mkuu wao ni mama mmoja wa Kinubi mwenye ploti, ambaye ukoo wake uko Kibera tangu pakiwa msitu kweli, kama jina linavyosema kwa Kinubi. Barazani kwake ndipo napimia watoto uzito. Siku moja nikipita aliniita, akanimiminia chai ya tangawizi, akanieleza kwamba amepata mpangaji mpya, msichana ametoka Kawangware na mtoto wa kike, mpole, analipa vizuri, ila hapendi maswali. Nikamwambia mimi sina kitu kingine cha kumpa mtu isipokuwa maswali. Akacheka, akanionyesha mlango wa mpangaji huyo.

Nilimkuta yule mama kijana akichana nywele bandia, kwa kuwa ni msusi, na anafanya kazi kwenye saluni ya karibu na reli. Mtoto alikuwa chini anahamisha maji kutoka kikombe hadi kikombe, shughuli nzito, hakuniangalia hata kidogo. Alikuwa na mwaka mmoja na miezi saba, mnene, vifundo vya mikono vimezama. Niliuliza kitabu. Mama yake akasema kitabu kilibaki kwa mama mkwe Kawangware. Yeye na mume wake walikuwa wamekosana, akaondoka asubuhi na mtoto mgongoni na begi moja, na kitabu hakikuwa ndani ya hilo begi. Nikauliza chanjo. Akasema zote alipata. Mama mkwe ndiye aliyekuwa akimpeleka kliniki kila mara, maana yeye alikuwa saluni mpaka jioni, na yule mzee si mtu wa kukosa siku.

Nikamwambia basi aende akakichukue. Akasema mguu wake haukanyagi kule.

Sasa hili lingekuwa jambo la kungoja kama si surua. Wiki hiyo hiyo, kwenye mstari wa nyumba za nyuma ya ploti, watoto wawili wa nyumba moja walikuwa wamelala na surua, macho mekundu, vipele mwili mzima. Walikuwa wanaendelea vizuri, lakini surua ina mbio. Mtoto mmoja akiwa nayo, ambaye hajachanjwa akipita hapo tu anaweza kuipata. Na huyu mnene wa vikombe alikuwa akicheza nje kila siku kwenye mfereji wa maji unaotumiwa na nyumba hizo pia. Chanjo ya surua hutolewa mara mbili, ya kwanza mtoto akiwa na miezi tisa, ya pili akifika mwaka na nusu. Hesabu yangu iliniambia hata kama ya kwanza alipata, ya pili hakuipata, kwa sababu mwaka na nusu aliufikisha akiwa tayari Kibera. Nikamwambia ampeleke tu kliniki yetu, wampe kitabu kipya, wamchanje.

Akakataa. Akasema zile chanjo za wiki ya kumi na nne zilimvimbisha mtoto paja na kumpa homa siku mbili, naye hatakubali adungwe tena kitu alichokwisha kupata. Ile ya pili anajua mama mkwe alikuwa na haraka nayo, pengine alimwahisha.

"Nionyeshe kwenye kitabu mahali hapajaandikwa," akaniambia, "na siku hiyo hiyo nitampeleka. Bila hiyo, mtoto wangu usimguse."

Hapo mdomo ukanitoka. Nilimwita mzembe. Nilimwambia mama asiyejua mwanawe amechanjwa nini afadhali asuke nywele za watu tu, na maneno mengine ambayo sitayaandika. Alimnyanyua mtoto, akaufunga mlango polepole bila kuubamiza, na nadhani kama angeubamiza ningelala vizuri zaidi usiku ule.

Nilikwenda kushtaki kwa muuguzi wa zahanati yetu, kijana mtulivu ambaye watu wote humwita daktari na yeye alishachoka kuwasahihisha. Aliniambia mambo mawili. Kwanza, chanjo ya surua ikizidi haimdhuru mtoto, kwa hiyo ukiwa na shaka, chanja. Pili, mama hashikwi kwa nguvu. Nikasema mimi ningemshika. Akasema anajua, ndiyo maana ananiambia. Akanikumbusha pia kwamba chupa moja ya surua ni ya watoto kumi, na ikishachanganywa ina saa sita tu kisha inamwagwa, ndiyo sababu yeye huwakusanya watoto wa surua siku ya Alhamisi. Nikitaka yule mtoto awemo Alhamisi ile, nina siku nne.

"Leta kitabu, mama," akasema. "Ukileta kitabu umeleta mtoto."

Asubuhi iliyofuata nilirudi kwa msusi nikiwa na mandazi manne kwenye karatasi. Kuomba msamaha sijui vizuri. Huwa naanza halafu nageuza kuwa hotuba. Safari hii nilisema nimekosa, nikanyamaza, na kunyamaza ndiko kulinitoa jasho. Alichukua mandazi, akampa mtoto moja, akanielekeza. Nikifika Satellite, huko huko Kawangware, niulize ploti ya mama mwenye ng'ombe, sitapotea. Nilipokuwa naondoka akaongeza kwamba nisitegemee kupewa kitu. Mtoto ana jina la yule mzee, akasema, na mzee anadhani mtoto ni wake.

Nilienda kwa miguu kwa kuwa napenda kutembea nikiwa na hasira, hupungua njiani. Nikapanda hadi barabara ya Ngong, nikapita Dagoretti Corner, nikaingia barabara ya Naivasha, na nilipofika Satellite nilikuwa nimepoa kiasi cha kukumbuka adabu, nikanunua ndizi. Kwa watu huendi mikono mitupu, hata kama unaenda kugombana.

Ploti ya mama mwenye ng'ombe kila mtu aliijua. Ilikuwa na nyumba za kupangisha pande tatu, mabati mapya, nguo za wapangaji zimeanikwa, na katikati ya hayo yote banda la ng'ombe mmoja anayetafuna kana kwamba Kawangware bado ni shamba. Mwenyewe alikuwa anakata majani ya nepia ya ng'ombe kwa panga, amevaa viatu vya gambuti, kitambaa kichwani, mrefu kuliko mimi. Alinisalimia kwa Kikuyu, akaona sijibu, akageuza Kiswahili. Nilijitambulisha kuwa natoka upande wa kliniki, Kibera. Aliposikia Kibera aliweka panga chini.

"Mzima?" akauliza.

Nikamwambia mzima, na amenenepa. Akashusha pumzi, akasema niingie nyumbani ninywe chai.

Tulipokuwa tunaingia, mtoto wa kike alikuja mbio kutoka nyumba ya pili, umri ule ule, akamshika mzee gambuti. Shosho, maana Nairobi bibi ni shosho, akamwita kwa jina, nami nikashtuka. Lilikuwa jina lile lile la mtoto wa Kibera. Mzee aliuona mshtuko wangu, akafurahi sana, nikajua hii ni hadithi anayoipenda. Kwa Wakikuyu binti wa kwanza hupewa jina la mama yake baba. Yeye ana wana wawili, wote wawili wakaoa karibuni, wote wawili wakajaliwa binti wa kwanza, tena wamepishana siku kumi na moja tu. Jina moja, la kwake, na la ukoo likafuata, moja pia. Majina ya ubatizo yalikuwa bado, na hata yangekuwepo asingeruhusu yatangulie.

"Huyu ni mimi," akasema akimgusa mtoto kichwa. "Na aliye huko kwenu ni mimi."

Kwetu magharibi mtoto hupewa jina la marehemu, kwa hiyo sikuwa nimewahi kukaa na mtu anayejiona mara mbili akiwa hai, tena akinywa chai. Nilicheka, naye akacheka. Tukaanza kula ndizi. Nikaona mambo ni rahisi, nikaomba kitabu.

Alikwenda nyuma ya mlango, akatungua mkoba mweusi kwenye msumari, akaketi nao mapajani, akaweka mikono miwili juu yake. Kisha akasema hakitoki.

Nilimweleza habari ya surua. Nilimweleza habari ya watoto wa mstari wa nyuma, ya mfereji na ya Alhamisi. Alisikiliza vizuri, akitikisa kichwa mahali pa kutikisa, akasema hakitoki. Mdomo wangu nao ukawaka. Nilimwambia surua haingoji watu wapatane, na kwamba mtoto akiugua yeye hatauguza jina, atauguza mtoto. Nikaona midomo yake inabana. Wamama wa umri ule hawasemezwi hivyo nyumbani kwao, nalijua, lakini neno nilikuwa nimeshalitoa.

Hakukasirika. Aliniambia polepole, kama anayemweleza mtoto.

"Yule msichana akitaka kitabu, aje. Aje na mtoto nimshike, nimpe uji, nimpeleke kliniki mimi mwenyewe kama zamani. Nikikupa wewe, atarudi hapa kutafuta nini?"

Siri ya mtungi aijuaye kata, na mimi nilikuwa nimekuja kugonga mtungi kwa nje. Nilidhani mzee mkaidi ameshika karatasi. Kumbe ameshika kitu pekee kilichobaki cha kumvuta mjukuu wake. Hasira zangu ziliniacha pale pale, nikajisikia mpumbavu na ndizi zangu.

Ili nisimwone kama mtu asiyejali, alianza kunihesabia. Yeye hajawahi kukosa kliniki. Wana na wake zao hubadilisha laini kama soksi, kwa hiyo watoto wote waliandikishwa kwa namba yake yeye, na ujumbe wa kukumbusha ukija, unakuja kwake. Akapeleka wiki ya sita, ya kumi, ya kumi na nne, wote wawili, mmoja mgongoni na mmoja ameshikwa na mpangaji. Ilipofika miezi tisa, mtoto wa msusi alikuwa na kikohozi, basi alimpeleka kwanza binamu yake, huyu wa hapa. Wiki iliyofuata akampeleka wa msusi. Akatoa kitabu, muuguzi akakitazama, akatazama na rejista yao kubwa, akamwambia, shosho, huyu alishachanjwa wiki iliyopita, rudi nyumbani mpaka mwaka na nusu.

"Nikashukuru," mzee akasema. "Mtoto hakulia siku hiyo."

Nilikuwa nimeinua kikombe. Nikakirudisha mezani.

Nikamuuliza siku ile alitoa kitabu kipi. Akasema cha juu. Nikauliza, cha juu kilikuwa cha nani? Aliniangalia kama mtu anayeanza kushuku akili zangu. Jina ni moja, akasema, na ni lake. Cha juu, cha chini, kuna tofauti gani?

Nikaomba avitoe vyote viwili, nivishike hapo hapo mezani, mbele yake, sitaondoka navyo. Akafikiri, akafungua mkoba. Vilikuwa vimevikwa karatasi za kaki kama vitabu vya shule, safi, vimepindwa pembe vizuri, huwezi kuvitofautisha. Nikafungua cha kwanza, nikatazama tarehe ya kuzaliwa, nikaenda ukurasa wa chanjo. Miezi tisa imeandikwa. Mwaka na nusu imeandikwa. Huyo alikuwa binamu, aliyekuwa wakati huo anamenya ndizi ya tatu. Nikafungua cha pili. Kuzaliwa, wiki ya sita, ya kumi, ya kumi na nne, matone ya vitamini ya miezi sita. Baada ya hapo, ile nafasi ya surua ya kwanza ilikuwa nyeupe. Ya pili nayo nyeupe.

Nilikigeuza kuelekea kwake. Alikuwa ameniambia kusoma hakujui sana, lakini nafasi tupu haihitaji kusoma. Alipitisha kidole gumba juu yake, akarudi, akapitisha tena.

"Hapa hapana kitu," akasema.

"Hapana, shosho. Hajawahi kupata hata moja."

Alimwacha mtoto amvute sketi. Halafu akaniambia kwamba zamani kwao watoto hawakuhesabiwa mpaka surua ipite. Mama yake alikuwa na mdogo wao wa mwisho, wakamlaza kwenye chumba chenye giza, na baada ya hapo mama yao akiulizwa ana watoto wangapi alikuwa anataja wanne. Walikuwa watano. Hayo aliyasema akitazama kitabu, si mimi.

Ungedhani sasa angenipa. Ng'o! Alivifunga vyote viwili mkobani, akavuta zipu, akasema Alhamisi atakileta mwenyewe. Nilitamani kung'oa nywele zangu. Nikamwomba angalau nipige picha ule ukurasa, akafungua tena, nikapiga, nikaondoka.

Jioni nilimwonyesha msusi. Aliikuza picha kwa vidole viwili, akaitazama sana, akasema ni kweli hapajaandikwa, ila jina hilo ni la watoto wawili, na hiki kinaweza kuwa kitabu cha binamu. Nilijiuma ulimi. Tarehe ya kuzaliwa iko ukurasa mwingine, na mimi na haraka zangu sikuupiga. Nilimwambia niliiona kwa macho yangu. Akanijibu kwa upole kwamba Mungu anamwamini, yeye anataka kitabu. Hata sikujua aliyasikia wapi maneno yangu. Alikubali kuja Alhamisi, na asipokiona kitabu arudi na mtoto wake. Siku zilizobaki nilikuwa nikipita ploti ile asubuhi na jioni, naangalia macho ya mtoto kama ni mekundu, nasikiliza kama anakohoa. Mama wa Kinubi aliniambia nitamwambukiza mtoto wasiwasi. Mmoja wa wale wa mstari wa nyuma alikuwa ameshapona na yuko nje anapiga mpira wa makaratasi, na hiyo ilinipa moyo, lakini usingizi haikunipa.

Alhamisi nilikuwa zahanati mapema. Watoto wa surua walijaa benchi, muuguzi akawahesabu, akachanganya chupa, saa ikaanza kukimbia. Msusi alifika saa tatu na mtoto mgongoni, amemvika soksi mpya. Mzee hakuwepo. Saa nne hakuwepo. Nilimpigia, simu ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena na tena. Watoto wakaingia mmoja mmoja, wakatoka wakilia, wakapewa titi au biskuti, wakaenda zao. Saa tano msusi akasimama, akaanza kukaza leso iliyomfunga mtoto. Alikuwa na mteja wa kusuka, na alishaniambia tangu mwanzo kwamba nisitegemee kupewa kitu. Nilimwambia angoje kidogo. Alisema amengoja tangu saa tatu, na sauti yake haikuwa na ubaya, ilikuwa imechoka. Muuguzi naye alijaribu, akamweleza tena kwamba kuchanja hakumdhuru mtoto, msusi akatikisa kichwa tu. Alikuwa ameshafika mlangoni.

Wakati huo muuguzi wa kike wa upande wa wajawazito alitokea akijikaza asicheke. Akatuuliza kama kuna mtu amepoteza mzee. Kule kwenye foleni yake kuna shosho ameketi tangu saa moja asubuhi, kila akiulizwa mimba ina miezi mingapi anajibu kwamba anangoja mtoto wa surua.

Tulikimbia, kama kwenda vyumba viwili ni kukimbia. Alikuwa ameketi katikati ya matumbo makubwa, amevaa viatu vya kanisani, mkoba mapajani. Langoni aliuliza kliniki ya akina mama, wakamwonyesha. Simu ilikuwa chini kabisa ya mkoba, haisikiki. Nilitaka kumgombeza, nikamwamkia badala yake, sijui adabu hiyo ilitoka wapi.

Msusi alikuwa amenifuata, amesimama nyuma yangu. Mtoto alichungulia kutoka mgongoni, akamwona shosho, akaficha uso, akachungulia tena. Walikuwa hawajaonana miezi miwili na zaidi. Nilimwona mzee anauzuia mkono wake usiende kwa mtoto. Alifungua mkoba kwanza, akatoa kitabu, akampa mkazamwana wake kwa mikono miwili, mbele ya wajawazito wote.

"Tazama mwenyewe," akasema. "Nilipeleka kitabu cha mwingine. Nimekosa mimi, si wewe."

Msusi alitazama tarehe ya kuzaliwa. Akaenda ukurasa wa chanjo, akasoma kutoka juu hadi chini, akarudi juu. Akakaa kwenye benchi, wajawazito wakasogea kumpa nafasi.

"Na mimi sikuwahi kukifungua hata siku moja," akasema.

Lile neno nililomwita siku ya kwanza lilinirudia hapo. Mgala muue na haki yake mpe. Huyu alimwamini mama mkwe wake kuhusu mtoto wake kuliko wengine wanavyowaamini mama zao, hata baada ya kuondoka kwake, na mimi nikauita huo uzembe.

Chumba cha chanjo ni kidogo, lakini tuliingia sote. Chupa ilikuwa bado na saa mbili. Mtoto alikaa mapajani kwa shosho, kwa sababu msusi alisema yeye hawezi kuangalia, na shosho akamshika mkono na kumwimbia kitu cha Kikuyu puani. Alipodungwa alinyamaza kwanza, kama anayekataa kuamini, halafu akalia kilio ambacho nadhani kilifika relini. Mimi nilitokwa na machozi. Nayasema waziwazi, machozi ya kweli, mimi ambaye huwaambia akina mama wasidekeze watoto.

Muuguzi aliandika tarehe kwenye ile nafasi nyeupe, akaandika na nyingine ya wiki nne mbele kwa chanjo ya pili, akamweleza msusi dalili za homa na la kufanya, akamkabidhi kitabu. Sasa hapa mnisikilize vizuri. Kanuni ninayoihubiri nyumba kwa nyumba, miaka yote hii, ni moja: kitabu kikae alipo mtoto. Kisikae kwa shangazi, wala ushago kule kijijini, wala kwenye ploti nyingine ng'ambo ya mji. Kwa sababu ya kukaa pengine ndiyo tulifika hapa.

Msusi alikishika kitabu mkononi, akaigeuza ile karatasi ya kaki iliyopindwa vizuri pembe zake. Kisha akainama, akakirudisha ndani ya mkoba wa mzee, akavuta zipu mwenyewe.

"Kaa nacho, mama," akasema. "Alhamisi ya chanjo ya pili utatuletea."

Mzee aliukumbatia mkoba na mtoto kwa mkono mmoja. Mimi mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka, kanuni yote iko ulimini, na muuguzi ananitazama kwa kuwa ananijua. Nikaufunga. Kwenye simu ya kazi kuna mahali pa kujaza kitabu kilipo, nikaandika Kawangware, na msimamizi alipopiga jioni kuuliza mtoto wa Kibera kitabu chake kinafanya nini Kawangware, nilimwambia kiko salama, aniachie.